Kuhamia Ujerumani kwa njia halali: anza na vyeti vyako

Mtu wa nyumbani akiniambia anataka kuja Ujerumani, namuuliza kwanza ana cheti gani, kimetolewa na nani, na kama jina lililoandikwa humo ni lilelile la kwenye pasipoti. Wengi hawalipendi swali hilo. Wanataka niwaambie viza ni shilingi ngapi na inatoka baada ya muda gani. Viza ya Ujerumani haiuzwi, na safari yake haianzii ubalozini. Inaanza siku unapotoa vyeti vyako kabatini, ukavipanga mezani, ukavisoma kama vile vinavyosomwa na mtu asiyekujua wewe wala shule yako.

Mimi ni muuguzi. Nilisomea stashahada mkoani Tanga, nikafanya kazi wodini katika Hospitali ya Bombo, na sasa nafanya kazi katika hospitali moja mjini Kassel, jimbo la Hessen. Nimewaona wadogo zetu wenye akili na bidii wakipoteza akiba ya ukoo mzima kwa sababu walianza na mtu wa kuwapeleka badala ya kuanza na njia inayowafaa. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana naandika kwa urefu. Nitakaa zaidi kwenye uuguzi na mafunzo ya kazi, kwa kuwa ndiko ninakokujua kwa ndani.

Viza ya matembezi haigeuki kuwa ya kazi

Hili tulimalize mapema. Viza ya Schengen inakuruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024. Ni ya kutembea, kuhudhuria mkutano, kumsalimia ndugu. Mtanzania au Mkenya aliyeingia nayo hawezi, kwa kawaida, kuibadilisha akiwa hapa iwe kibali cha kazi au cha mafunzo. Atatakiwa kurudi nyumbani kuomba upya. Anayekuambia “ingia kwanza, mengine tutayamaliza hukohuko” anakupeleka kwenye maisha ya kujificha, bila bima, bila mkataba, na bila uwezo wa kwenda kumzika mzazi.

Unayoihitaji ni viza ya taifa, ile ya kukaa zaidi ya siku 90. Ada yake ni euro 75 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto. Unaiomba kwa sababu moja iliyo wazi: mafunzo ya kazi, ajira, masomo, kutafuta kazi au kuungana na familia. Kila sababu ina masharti yake, na sababu moja haiazimi nyaraka za nyingine.

Chagua njia inayolingana na ulichonacho

Kama umemaliza kidato cha nne au cha sita na huna taaluma, njia inayostahili kutazamwa kwanza ni Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi yanayolipwa. Unasaini mkataba na mwajiri, unasoma darasani kwa awamu na kufanya kazi kwa awamu, na mshahara unaingia tangu mwezi wa kwanza. Uuguzi ni miaka 3. Hospitali za umma humlipa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Si uuguzi peke yake: wapo wapishi, mafundi umeme, wahudumu wa hoteli, mafundi wa magari, waokaji mikate. Elimu yako ya sekondari italinganishwa na ya hapa na mamlaka ya elimu ya jimbo husika, na Kijerumani cha kuanzia ni B1 (ngazi za lugha hupanda hivi: A1, A2, B1, B2, C1, C2). Waajiri wengi huanza mafunzo Septemba au Oktoba, wengine Aprili, na hutafuta watu karibu mwaka mzima kabla. Ukituma maombi Julai kwa ajili ya Septemba, umechelewa.

Kama tayari wewe ni muuguzi, mkunga, tabibu, au una taaluma nyingine ambayo Ujerumani haimruhusu mtu kuifanya bila leseni, njia yako ni kutambuliwa kwa taaluma. Nitaieleza kwa kina mbele.

Mwenye shahada aliyepata mkataba wa kazi inayolingana na elimu yake anaweza kuomba Blue Card ya Umoja wa Ulaya, kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wasomi. Kiwango cha chini cha mshahara kwa mwaka 2025 kilikuwa euro 48,300, na euro 43,759.80 kwa kazi zenye uhaba wa watu, zikiwemo udaktari, uhandisi na kompyuta. Viwango hupanda kila Januari, kwa hiyo tazama cha mwaka wako kwenye tovuti ya serikali iitwayo Make it in Germany. Aliyevuka miaka 45 na anaomba kwa mara ya kwanza kibali cha kawaida cha mtaalamu, si Blue Card, ajue kwamba anadaiwa ama mshahara mkubwa zaidi au ushahidi kwamba ana akiba ya uzeeni.

Halafu kuna Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Hii inakuleta kutafuta kazi kwa muda usiozidi mwaka mmoja, na ukiwa unatafuta unaruhusiwa kufanya kibarua cha saa 20 kwa wiki. Lazima uwe na shahada, au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na serikali ya nchini kwako, pamoja na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Baada ya hapo unahesabiwa pointi, na unahitaji 6. Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 28 mwenye stashahada ya kompyuta. Umri wa chini ya miaka 35 unampa pointi 2. Uzoefu wa miaka 2 katika fani yake ndani ya miaka 5 iliyopita, pointi 2. Kijerumani cha A2, pointi 1. Kiingereza cha C1 chenye cheti, pointi 1. Amefika 6. Akipanda hadi B1 anapata pointi 2 za lugha badala ya moja, na B2 ni 3.

Pointi huwa si tatizo kubwa kwa vijana wetu. Kinachowakwamisha ni fedha. Mwaka 2025 mwombaji alitakiwa kuonyesha euro 1,091 kwa kila mwezi atakaokaa, yaani zaidi ya euro 13,000 kwa mwaka. Maoni yangu nayasema wazi: usikope pesa hiyo. Mwaka mmoja wa kutafuta kazi katika nchi ngeni, kwa Kijerumani cha A2, huku una deni la kiwanja cha baba, ni mzigo ambao sitamshauri mdogo wangu aubebe. Aliye na akiba yake na taaluma inayotafutwa, ajaribu.

Wanafunzi wa chuo kikuu huweka fedha katika Sperrkonto, akaunti ambayo hutoi zaidi ya kiasi kilichowekwa kwa mwezi. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, sawa na 992 kwa mwezi. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, isipokuwa mchango wa muhula, lakini jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Mwenye ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, hahitaji akaunti hiyo.

Kwa wanaofuata mume au mke, sheria inawadai wengi wao Kijerumani cha A1 kabla ya kusafiri, ingawa mwenza wa mwenye Blue Card amesamehewa. Pia wapo vijana wa kati ya miaka 18 na 26 wanaokuja kulea watoto kama au pair. Hiyo ni ya mwaka mmoja tu, na ichukuliwe hivyo.

Majina

Hapa ndipo mafaili mengi ya Watanzania hukwama, na ni jambo linaloweza kumalizwa nyumbani kwa gharama ndogo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi. Cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis, bila i ya mwisho. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ina jina la baba tu, kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeongeza la babu, na cha ndoa kina jina la mume. Nyumbani hakuna anayeshangaa. Karani wa Ujerumani anayefungua faili hilo anaona watu watano, na kazi yake ni kuuliza.

Anza na cheti cha NECTA, yaani cha Baraza la Mitihani, kwa kuwa hicho ndicho kigumu kubadilika. Vingine vyote vikifuate. Cheti cha kuzaliwa kirekebishwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au kwa Zanzibar kwenye wakala wa usajili wa matukio ya kijamii. Kisha NIDA, kisha ndipo pasipoti, kwa sababu Uhamiaji wanafuata taarifa za NIDA. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na ni ya miaka 10, hivyo usiichukue ikiwa na jina ambalo utalilalamikia baadaye. Tofauti isiyorekebishika iwekewe kiapo cha mahakama kinachotaja namna zote mbili za kuandika, herufi kwa herufi, na kitafsiriwe pamoja na cheti chenyewe. Tarehe za kuzaliwa nazo zikaguliwe vivyo hivyo. Kuna watu wengi waliopunguziwa au kuongezewa mwaka walipoandikishwa darasa la kwanza.

Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa. Watafsiri walioapishwa Ujerumani hukubalika ofisi zote za huku, na wengi hupokea nakala safi kwa barua pepe na kurudisha karatasi yenye muhuri kwa posta. Usitoe cheti halisi mkononi mwako. Mtu anayedai akae na vyeti vyako “mpaka mchakato uishe” hakutakii mema.

Lugha

Kama una uwezo wa kulipia jambo moja tu mwaka huu, lipia Kijerumani. Nalisema hili kwa kila mtu na sitachoka kulisema. Mwajiri anaweza kukusaidia nyumba, nauli, hata ada ya kutambuliwa kwa cheti. Lugha hakuna wa kuibeba kwa niaba yako.

Mitihani inayokubalika ni ya Goethe-Institut, telc, ÖSD na mingine michache inayojulikana. Dar es Salaam taasisi ya Goethe iko Upanga, na Nairobi iko katikati ya jiji. Unaweza kusoma popote, kwa mwalimu wa mtaani au kwa simu, lakini cheti kitoke kwa mtahini anayetambuliwa. Cheti cha kumaliza kozi cha kituo cha mtaani hakisaidii ubalozini. Mtihani wa B1 wa Goethe una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea. Kila sehemu inadai alama 60 kati ya 100, na iliyokushinda unaweza kuirudia peke yake. Deutsche Welle wana kozi ya bure mtandaoni ya kuanzia A1 hadi B1, na shirikisho la vyuo vya elimu ya watu wazima la huku lina jukwaa lake la bure pia. Mwanafunzi mwenye simu, bando na nidhamu anaweza kufika A2 bila kutoa ada.

Muuguzi ajue kwamba B1 inakufikisha uwanja wa ndege. Ili upewe leseni kamili ya uuguzi, utadaiwa B2. Na hata ukiwa na B2, asubuhi ya kwanza ya kupokezana zamu itakufundisha unyenyekevu. Saa 12 na dakika chache za asubuhi, wauguzi wa usiku wamechoka, wanataka kwenda kulala, na wanasema kwa kasi: chumba, kitanda, jina, sukari ya usiku, mkojo umetoka kiasi gani, kidonda kimefungwa lini, nani hatakiwi kula kwa sababu anakwenda kwenye upasuaji. Wewe una kalamu na karatasi iliyokunjwa mfukoni. Hakuna anayetua ili umalize kuandika. Kwa sababu hiyo nawaambia wanaojiandaa wafanye zoezi hili nyumbani: sikiliza taarifa ya habari ya Kijerumani kwa dakika tano, andika namba na majina tu, kisha rudia usikie umekosa nini. Linasaidia kuliko kukariri orodha za maneno.

Kutambuliwa kwa taaluma ya uuguzi

Ujerumani ina majimbo 16, na kila jimbo lina ofisi yake inayopima vyeti vya wauguzi. Unaomba kwenye jimbo unakotarajia kufanya kazi. Mwenye barua ya mwajiri anajua pa kupeleka. Asiye na mwajiri bado aandike kwa kituo cha ushauri cha serikali, Zentrale Servicestelle Berufsanerkennung, ambacho humsaidia bure mtu aliye nje ya nchi, kwa Kijerumani au Kiingereza. Ada ya maombi hutofautiana jimbo kwa jimbo.

Wanachotaka ni cheti cha stashahada, transkripti, leseni, barua ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwamba umesajiliwa na huna kosa la kitaaluma, barua za waajiri zenye tarehe na saa za kazi kwa wiki, wasifu, na pasipoti. Lakini karatasi inayoamua zaidi ni mtaala wenye saa. Transkripti zetu huonyesha alama na pointi za masomo. Ofisi ya huku inataka kujua ulisoma saa ngapi darasani na ulifanya saa ngapi wodini, kwa kila eneo: upasuaji, watoto, wazazi, magonjwa ya akili, wazee, huduma ya nyumbani. Nenda chuoni kwako, muone mkuu wa taaluma, omba barua yenye muhuri inayoonyesha mgawanyo huo. Nenda ukiwa hukohuko nyumbani. Kumtuma mtu baada ya wewe kusafiri ni kazi ya kupiga simu miezi.

Usishtuke majibu yakija kama barua ndefu yenye jedwali la mapungufu. Wengi wetu tulipata barua hiyo, na haina maana kwamba umekataliwa. Inaeleza kilichopungua. Kwa wauguzi wa Tanzania, saa za utunzaji wa wazee mara nyingi ni chache, na sababu inaeleweka: kwetu mzee hutunzwa nyumbani na wanawe. Barua inakupa njia mbili za kufidia. Moja ni kozi ya kujiongezea, yenye darasa na mazoezi ya wodini. Nyingine ni mtihani wa maarifa, wa kuongea na wa vitendo. Mimi nilichagua kozi, na ningeichagua tena. Mtihani ni mfupi, lakini kwenye kozi unazoea namna wanavyoandika taarifa za mgonjwa, na kuandika ndiko kazi kubwa ya muuguzi wa Ujerumani.

Barua hiyo ya mapungufu, pamoja na mkataba wa mwajiri anayekubali kukupokea kama msaidizi wakati unafidia, ndiyo inayobeba maombi ya viza. Hapo muombe mwajiri atumie utaratibu wa haraka wa wataalamu. Anauanzisha yeye kwenye ofisi ya wageni ya huku, ile inayotoa vibali vya ukaazi, kwa ada ya euro 411, na ukikamilika ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki tatu na kutoa uamuzi, kwa kawaida, ndani ya wiki tatu nyingine. Waajiri wengi wadogo hawaujui. Mtajie mwenyewe.

Mawakala

Kuna sheria ambayo kila muuguzi wa Tanzania anapaswa kuijua. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Tanzania imo. Kanuni ya ajira ya Ujerumani inasema kwamba kuajiri wauguzi na wahudumu wa afya kutoka nchi za orodha hiyo, au kuwatafutia kazi, ni kazi ya shirika la ajira la serikali peke yake. Wakala binafsi haruhusiwi. Wewe mwenyewe unaruhusiwa kabisa kutafuta hospitali, kutuma maombi na kusaini mkataba. Kwa hiyo mtu anayefungua ofisi Kariakoo au Mwenge na kutangaza “nafasi 50 za manesi Ujerumani” anauza kitu ambacho sheria ya huko anakokupeleka inamkataza kukiuza.

Kwa kazi nyingine mawakala halali wapo, na lazima wawe na leseni ya serikali ya Tanzania. Hata hao wapimwe. Miadi ya ubalozi haina malipo, hivyo anayedai hela ya “kushika nafasi” ni tapeli. Mkataba uliokuja kwa WhatsApp bila mwajiri kukuhoji kwa video ni karatasi tupu. Ukiletewa mkataba, tafuta tovuti ya hospitali au kampuni mwenyewe, chukua namba ya mapokezi iliyo pale, piga, uliza kwa Kijerumani chako hichohicho kama wanakufahamu.

Wakenya nao wajihadhari na uvumi. Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilisaini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz. Habari zikasambaa kwamba nafasi 250,000 zimetolewa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha siku hizohizo: mkataba hauna idadi yoyote, na kila mwombaji anatimiza masharti yaleyale. Matapeli bado wanaitumia namba hiyo.

Ubalozini

Kwa Tanzania ubalozi uko Umoja House, Dar es Salaam. Maombi ya viza nyingi za taifa sasa huanzia mtandaoni, kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani. Unapakia nyaraka, zinakaguliwa, unaambiwa kilichopungua, ndipo unaitwa kutoa alama za vidole na kuonyesha vyeti halisi. Piga picha za nyaraka mchana penye mwanga, kona zote nne zionekane.

Dirishani utaulizwa maswali mafupi, na ukiwa umeleta cheti cha B1 usishangae yakiulizwa kwa Kijerumani. Kwa nini kazi hii? Mji huo uko wapi? Utakaa wapi? Mwajiri umempataje? Jibu ukweli wako kwa sentensi fupi. Jibu la kukariri hujulikana mara moja, kwa kuwa la mwombaji wa kabla yako lilikuwa lilelile.

Ukikataliwa, soma sababu kwa utulivu. Ule utaratibu wa zamani wa kuandika barua ya pingamizi kwa ubalozi ulifutwa tarehe 1 Julai 2025. Kilichobaki ni kuomba upya ukiwa umerekebisha kasoro, au kufungua kesi kwenye mahakama ya utawala ya Berlin. Kwa wengi, kuomba upya ndiyo njia ya maana.

Mizigo, na wiki za kwanza

Beba vyeti halisi kwenye begi la mkononi. Beba kadi ya chanjo. Anayefanya kazi hospitalini lazima athibitishe kinga ya surua, hiyo ni sheria tangu 2020, na utaulizwa pia homa ya ini B. Koti zito la baridi linapatikana kwenye mitumba ya Karume kwa bei ambayo huku hununulii hata kofia. Nyama na maziwa, hata vilivyokaushwa, haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kutoka kwetu. Dagaa wakavu wanaruhusiwa. Matunda mengi yanadai cheti cha afya ya mimea, lakini ndizi, nanasi, nazi na tende zimesamehewa. Embe la Muheza libaki Muheza.

Ukishapata nyumba una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya mji, kwa fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Usipange chumba kwa mtu asiyetaka kuisaini, kwani bila usajili huo hupati namba ya kodi kwa posta, na benki nayo itakusumbua. Dhamana ya nyumba kisheria haizidi kodi ya pango ya miezi mitatu bila gharama za huduma. Kisha chagua mfuko wa bima ya afya, halafu uende ofisi ya wageni kabla viza haijaisha ili upate kadi ya ukaazi. Barua ya ada ya redio na televisheni itakuja, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya. Ni halali, lipa; mnaoishi nyumba moja mnalipa moja. Leseni ya gari ya nyumbani inatumika miezi sita tu.

Andika jina lako kwenye kisanduku cha barua siku hiyohiyo unayohamia. Serikali ya huku inazungumza nawe kwa karatasi, na barua isiyokuta jina inarudi ilikotoka. Jumatatu moja baada ya zamu nilimsindikiza dada mmoja kutoka Morogoro ofisi ya wageni. Kadi yake ilikuwa tayari siku nyingi, na barua za kumwita zilikuwa zimerudishwa.

Kuhusu kukaa moja kwa moja

Aliyehitimu mafunzo au masomo hapa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 2 ya kazi ya taaluma yake, na mtaalamu aliyetambuliwa kutoka nje baada ya miaka 3, akiwa na B1, michango ya pensheni na masharti mengine. Uraia unaombwa baada ya miaka 5. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani haidai tena uache uraia wako wa awali, na Mkenya anaweza kubaki nao, lakini sheria ya Tanzania bado haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo Watanzania wengi tunabaki na ukaazi wa kudumu na pasipoti yetu. Ukaazi huo nao hupotea ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita bila kibali. Mzazi akiugua na ukaona utahitaji kukaa naye muda mrefu, pitia ofisi ya wageni kabla ya kukata tiketi, eleza sababu, omba muda mrefu zaidi, na usiondoke bila jibu la maandishi.